Jinsi ya kujenga banda la maonesho lisiloacha taka: mwongozo kwa wanaotengeneza mbao za plastiki

Ikifika mwezi wa tano simu zinaanza. "Fundi, nimepata nafasi Sabasaba, nataka kuonesha mbao zangu za plastiki, nianzie wapi?" Swali la pili huwa ni rangi ya zulia, la tatu ni ukubwa wa bango. Hakuna anayeuliza siku ya mwisho vitu vyote hivyo vitakwenda wapi. Maonesho yakifungwa, nenda nyuma ya mabanda ukaangalie: zulia limeviringishwa na gundi yake, bango la fleksi lenye tarehe iliyokwisha pita, plaiwudi iliyopigwa misumari mpaka haifai hata kwa banda la kuku. Na kwenye rundo hilo wamo waliokuwa wakihubiri mazingira wiki nzima.

Mwongozo huu ni kwa mwenye karakana ndogo anayetengeneza mbao kutokana na vifuniko na madumu, na amepata eneo la mita 3 kwa 3: viwanja vya Sabasaba Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, ukumbi wa Mlimani City, Diamond Jubilee, au chini ya turubai pale Mnazi Mmoja. Kama wewe unaonesha kioo kilichosagwa au vipande vya vitenge, hatua nyingi zinakufaa pia. Ruka zile za kutoboa.

Plastiki ninayoizungumzia ni namba 2, yaani HDPE: madumu ya mafuta ya kupikia, chupa za sabuni, vifuniko vingi vya chupa za maji. Pindua dumu utaona namba ndani ya pembetatu. Namba 5, PP, inafuata karibu kanuni zilezile. Nadharia inaishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo

- Ramani ya eneo lako kutoka kwa waandaaji, ikionesha upande ulio wazi, soketi zilipo na kimo kinachoruhusiwa. Kwa Sabasaba waandaaji ni TanTrade, yaani Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania. Omba masharti kwa maandishi, hasa ya moto, umeme na saa za kuingiza mizigo.
- Mbao zako. Katika mwongozo huu nachukulia ubao wa mita 1.22 kwa 1.22 wenye unene wa milimita 10, ambao ni nusu ya ubao wa futi 4 kwa 8. Ubao wa namna hiyo una kilo 14 hivi. Unahitaji minne: miwili ya kuning'iniza, mmoja wa kukata meza na viungo, mmoja wa akiba.
- Mabomba 4 ya mraba ya milimita 40, mita 6 kila moja, yale mafundi wanayoita skwea paipu.
- Bolti 48 za unene wa milimita 8 na urefu wa sentimita 8, nati zake, na washa pana mbili kwa kila bolti.
- Kamba ya manila, mita 20.
- Madumu ya lita 20 yenye vifuniko vizima, sita.
- Kreti tupu za soda, za kuazima.
- Kitambaa cha marekani, mita 4 au 5.
- Drili, msumeno, spana, futikamba na pimamaji.
- Turubai kukuu, viroba vitatu, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya wanunuzi wa vyuma chakavu.
- Daftari.

Usinunue hata kimoja kabla ya kumaliza hatua ya 1.

1. Andika hatima ya kila kitu

Chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza ni jina la kitu, ya pili ni kinatoka wapi, ya tatu ni kinakwenda wapi siku ya kubomoa. Jaza mstari kwa mstari, mpaka tepu na vibanio vya karatasi. Viti: vya kukodi kwa wanaokodisha viti na maturubai ya shughuli, vinarudi kwao. Kreti: za duka la mtaani, zinarudi na dhamana yako unapewa. Mabomba: ya kununua, yanarudi karakana. Zulia: la kununua Kariakoo, linakwenda... Hapo kalamu ikisimama, zulia halijengi banda lako.

Kanuni ni hiyo tu, na hatua zote zilizobaki zinatokana nayo. Safu ya tatu ikiwa tupu, kitu hakiingii kwenye gari. "Tutaona" na "kuna mtu atachukua" si majibu. Andika jina la mtu, au la duka, na uwe umeshaongea naye. Kazi hii ni ya jioni moja, na ndiyo itakayokuokolea fedha kuliko hatua nyingine yoyote, kwa kuwa robo ya vitu ulivyotaka kununua vitakufa hapohapo kwenye daftari.

2. Pima gari kabla ya kupima banda

Watu huchora banda zuri halafu ndipo wanatafuta usafiri, wakagundua ukuta wao unataka kenta. Fanya kinyume. Kirikuu ya kawaida ina tela la mita 1.9 hivi kwa mita 1.4. Ubao wa 1.22 unalala humo bila shida, na mabomba ya mita 2.39, utakayoyakata hatua ya 4, yanachungulia nyuma kidogo tu. Yafunge kitambaa chekundu. Banda zima la mwongozo huu, pamoja na watu wawili wa kupakua, linakwenda kwa safari moja.

Mbao zilale chali, zisiegemezwe ubavuni mwa gari. Plastiki ikiegemea juani kutoka Mbagala hadi Posta kwenye foleni inafika imepinda, na haitanyooka kwa kusukumwa. Katikati ya mbao weka blanketi kuukuu au mashuka ya mtumba. Usizungushie nailoni ya kufungashia mizigo. Hiyo nayo ingehitaji mstari kwenye daftari.

3. Chora banda lenye uwazi

Kosa la kila anayeanza ni kutaka kufunika. Anaweka kuta tatu kamili, ndani giza, watu wanapita nje wakidhani ni ofisi. Huhitaji chumba. Unahitaji fremu tatu tu zenye umbo la mlango: mbili nyuma zikipangana, ya tatu pembeni ikikunja kona. Kona hiyo ndiyo inayozifanya zisimame zenyewe. Mbele na upande wa pili pabaki wazi.

Fremu mbili za nyuma zinabeba ubao mmoja kila moja, ukining'inia usawa wa macho. Chini ya mbao pabaki wazi, ufiche mizigo yako nyuma ya kitambaa. Fremu ya pembeni inabeba kitambaa chenye jina. Ukiwa nje uwanjani uwazi huu una faida nyingine: mwezi wa sita na wa saba ni msimu wa kusi, na ukuta kamili mbele ya kusi ni tanga.

Zulia tumeshalimaliza. Fagia saruji, piga deki, basi. Ukiona sakafu ni mbaya sana, laza ule ubao wa akiba mlangoni, watu waukanyage. Wateja watakuuliza kama unateleza na utakuwa umepata mazungumzo.

4. Kata mabomba bila kubakiza

Bomba la mita 6 ukilikata miguu miwili ya mita 2.39 na kipande kimoja cha kulala cha mita 1.19, hutabaki na kitu zaidi ya unga wa msumeno na kijipande cha sentimita mbili hivi. Mabomba matatu yakikatwa hivyo yanatoa miguu 6 na vipande 3 vya kulala. Bomba la nne likate lote vipande vya mita 1.19, vitatoka 5. Jumla: miguu 6, vipande vya kulala 8. Fremu tatu zinatumia miguu yote 6 na vipande 6, kimoja juu na kimoja chini kwa kila fremu. Viwili vilivyobaki vinaunganisha fremu kwa chini pale inapohitajika.

Pima bomba dukani kabla ya kulipia, kwa sababu yapo yanayopungua kwenye mita 6. Likipungua, fupisha miguu. Usiongeze bomba la tano kwa ajili ya sentimita kumi.

Ukipeleka kazi Gerezani, kwa mafundi chuma wa Dar, fundi atakutazama, atatazama mchoro, halafu atasema, "Bosi, bolti zote hizi za nini? Tuchomelee, dakika mbili." Na ni kweli, ni dakika mbili. Lakini fremu iliyochomelewa haiingii kwenye kirikuu, haikai uvunguni mwa meza karakana, na mwaka kesho ukipewa eneo la mita 2 badala ya 3 utaikata. Mwambie akate, atoboe na alainishe ncha. Kuchomelea hapana.

5. Tengeneza viungo kwa plastiki yako mwenyewe

Hapa ndipo banda linapoanza kukuuzia. Badala ya kununua vibati vya chuma vya pembe, kata ubao mmoja katikati upate vipande viwili vya sentimita 61 kwa 122. Kimoja weka, ni meza. Cha pili kigawe kuwa miraba ya sentimita 20, utapata 18, kisha kila mraba ukate kutoka kona hadi kona. Hizo ni pembetatu 36. Unahitaji 24: kila pembe ya fremu inabanwa na mbili, moja mbele na moja nyuma, bomba likiwa katikati. Bolti mbili kwenye mguu, mbili kwenye kipande cha kulala. Zilizobaki ni za akiba na za kuwapa watu washike.

Mteja akiuliza kama plastiki ina nguvu, huhitaji kumjibu kwa mdomo. Muoneshe kilichoshika banda analosimama ndani yake.

Angalia mambo haya wakati wa kutoboa:

- *Drili iende polepole.* Ikienda kasi plastiki inayeyuka badala ya kukatika, inajiviringa kwenye keekee, na tundu linatoka na mdomo mchafu. Toboa kidogo, inua, toboa tena.
- *Tundu liwe pana kuliko bolti.* Kwa bolti ya milimita 8 toboa tundu la 10 kwenye pembetatu. Kwenye ubao mrefu unaofungwa moja kwa moja toboa 12. Plastiki hii inatanuka kwa joto: ubao wa mita 1.22 unaweza kuongezeka milimita 2 hadi 3 kati ya asubuhi ya baridi na saa nane mchana. Usipoupa nafasi, unavimba katikati.
- *Tundu lisikaribie ukingo.* Acha sentimita 2 au zaidi.
- *Tandika turubai chini.* Vumbi na nyuzi za msumeno ni plastiki ileile. Ukizifagilia nje, mvua inazipeleka mtaroni, na mtaro wa Dar unaujua unakoishia. Kusanya kwenye kiroba, rudisha kwenye mashine.
- *Usipoteze fedha kwenye gundi wala rangi.* HDPE haishiki gundi za kawaida. Itaonekana imeshika karakana, ikifika ukumbini inabanduka kama ganda la kitunguu. Bolti, kamba na skrubu ndizo zinazoshika.
- *Usipashe moto ukumbini.* Kuna atakayekushauri ukunje kipande kwa moto wa gesi. Kazi ya joto ibaki karakana penye hewa. Na kama hujui kipande ni plastiki gani usikipashe kabisa: PVC, namba 3, ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

6. Simamisha, kisha pakia uzito

Jenga banda lote karakana kwanza, angalau wiki mbili kabla. Kwa penseli, weka namba kwenye kila mguu na kila pembe: 1A na 1A, 1B na 1B. Ukumbini utakuwa na saa chache, jirani anapiga nyundo, na jenereta linanguruma. Si mahali pa kufikiria.

Fremu zikisimama, tumia pimamaji. Sakafu ya kumbi nyingi iko sawa, ya uwanjani haiko. Chini ya mguu uliopungua weka vipande vya plastiki vya milimita 10, kimoja au viwili. Usitumie kadibodi iliyokunjwa, italegea ikipata maji ya deki.

Sasa madumu. Yajaze maji ukishafika, kila moja ni kilo 20, na yafunge kwa kamba kwenye miguu, moja kwa kila mguu. Kazi ikiisha mwagilia miti. Hulazimiki kuchimba sakafu, jambo ambalo kumbi nyingi zinalikataza, wala kubeba mifuko ya mchanga. Na madumu yale ni HDPE, malighafi yako, kwa hiyo usiyafunike. Osha, geuza upande wenye namba 2 utazame mbele.

Kila ubao utobolee matundu mawili juu, sentimita 5 kutoka ukingoni, pitisha manila uuning'inize kwenye bomba la juu. Kona za chini zifunge kwa kamba kwenye miguu ili usibembee na kugonga mtu. Kwa kuning'inia hivyo ubao unatanuka utakavyo, na mteja anaweza kuzunguka akaona mgongo wake.

7. Meza na sampuli

Panga kreti za soda nguzo tatu, kila nguzo kreti tatu au nne kwenda juu kulingana na kimo unachotaka, laza juu kile kipande cha sentimita 61 kwa 122. Nguzo ya katikati usiiache. Plastiki si mninga. Ikikaa na mzigo inalegea polepole, asubuhi imenyooka na jioni ina tumbo. Iegemeze kila baada ya sentimita 40, iwe meza au rafu.

Juu ya meza weka safari ya plastiki kwa mpangilio: vifuniko vichafu kama vilivyookotwa, vilivyooshwa, chenga zilizosagwa, kisha kipande cha ubao. Tumia chupa za kioo za asali au jemu kutoka nyumbani. Visiwe vingi. Nne zinasomeka, kumi na mbili zinageuka duka la viungo.

Halafu weka kitu ambacho mimi nakiona cha lazima kuliko bango: ubao wa kuteswa. Kipande cha sentimita 40 hivi, pembeni yake bisibisi, skrubu kadhaa, kopo la maji na msumari wa kuchorea. Andika: "Jaribu." Mtazame mgeni anavyofanya. Kwanza anagonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kichwa kimeinama kama anasikiliza tikiti maji la kununua. Kisha anainusa. Kisha anatafuta ukingo aone ndani pakoje. Ndipo anauliza bei. Kwa hiyo msaidie: ukingo mmoja uache umekatwa wazi bila kulainishwa, rangi za vifuniko zionekane zilivyochanganyika. Sampuli nyingine zifunge kwa kamba, vinginevyo kufikia siku ya pili huna kitu.

8. Maneno

Bango la fleksi ni kitambaa kilichopakwa PVC. Hakuna wa kulichukua likishatumika, labda wa kuezekea kibanda. Chukua marekani, mpe fundi wa kuchapa fulana au mwandishi wa mabango kwa mkono, aandike jina lako, unachotengeneza na namba ya simu kwa herufi za kusomeka kutoka njiani. *Usiandike mwaka, wala jina la maonesho, wala "Karibu Sabasaba."* Tarehe ndiyo inayogeuza kitambaa kizima kuwa taka.

Vipeperushi usichapishe. Chukua kipande kimoja cha ubao, andika kwa chaki au rangi ya maji juu ya karatasi uliyoibana hapo kwa skrubu: vipimo, uzito, bei, simu, lipa namba. Wageni watakipiga picha kwa simu zao. Msimbo wa QR uweke ukipenda, lakini wengi hawatawasha bando lao kwa ajili yako, kwa hiyo namba ya simu iwe kubwa kuliko QR.

Kuhusu unachodai, kuwa makini. "Rafiki wa mazingira kwa asilimia 100" halimwambii mtu kitu na linamwalika mjuaji akubane. Andika unachoweza kukipima. Hesabu vifuniko 100, vipime kwenye mizani, gawanya uzito wa ubao wako kwa uzito huo, zidisha kwa 100, upate ubao mmoja ni vifuniko vingapi. Kama umechanganya plastiki mpya, andika kiasi chake. Mkandarasi akija kugundua mwenyewe humpati tena.

9. Umeme

Taa za LED, mbili au tatu, zielekee kwenye mbao kutoka sentimita 30 au zaidi. Taa za zamani zinazochemka usilete. Plastiki hii inashika moto na ikiungua inadondosha matone yanayowaka. Weka kizimamoto mahali unapokifikia bila kuruka kitu. Ekstensheni moja nzima ni bora kuliko tatu zilizounganishwa kwa tepu.

10. Siku za maonesho zenyewe

Taka nyingi za banda hazitoki kwenye banda, zinatoka kwa wahudumu. Watu watatu wakinywa maji ya chupa ndogo na kula chipsi za kwenye foili kutwa, kiroba kimejaa. Leta dumu moja la maji lenye koki na vikombe vya bati. Leta sahani zenu. Mama lishe atakupakulia bila neno, na pengine ataongeza mchuzi.

Mauzo madogo yafungie kwenye karatasi au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na itakuwa aibu ya pekee kukamatwa nayo ukiwa unauza urejelezaji.

Asubuhi, kabla ya wageni, zungukia bolti zote kwa spana. Plastiki inayobanwa hujilegeza kidogo kidogo, nati iliyokaza jana leo inazunguka. Ni kazi ya dakika kumi.

11. Kubomoa

Chukua daftari la hatua ya 1. Anza na vya watu: viti, kreti. Kisha kitambaa, mbao, kamba, mabomba. Bolti zote ziingie kwenye kopo moja, na ulihesabu. Mwaga maji ya madumu. Ulichobakiza kisicho na safu ya tatu kitie kwenye kiroba, kipime kwa mizani, andika kilo. Namba hiyo ndiyo taka yako halisi, na ndiyo utakayotaka ipungue mara nyingine. Usikubali kijana wa usafi akuambie "acha tu hapo bosi, tutachoma."

Mambo yakienda kombo

*Banda linatikisika ukiligusa.* Kaza bolti za pembe kwanza. Likiendelea, funga manila msalaba nyuma ya fremu moja, kutoka kona hadi kona, uivute kwa kijiti. Ikibaki bado, kona ya fremu ya pembeni haijaunganishwa chini. Tumia vile vipande viwili vya kulala vya ziada.

*Ubao umefika umepinda.* Ulaze juu ya sakafu tambarare, tumbo likiwa juu, weka madumu mawili yaliyojaa katikati, uache usiku mzima. Ukipungua, utundike. Usiponyooka vya kutosha, ndio wa mlangoni.

*Ubao unanuka.* Mara nyingi ni sabuni au mafuta yaliyobaki kwenye madumu, yaani uoshaji ulikuwa hafifu. Kwa sasa upanguse kwa maji ya uvuguvugu na siki, uweke penye upepo. Ukinuka kama kitu kilichoungua, joto la mashine lilizidi, huo usiuoneshe.

*Waandaaji wamekupa eneo lenye kuta tayari na wanalazimisha zulia.* Omba kwa maandishi lisitandikwe kwako, mapema, kabla ya kazi ya ukumbi kuanza. Wakikataa, usibishane: hilo liko kwenye daftari lao. Kuta zao zifunike kwa kuning'iniza mbao zako mbele yake, bila tepu.

*Mvua imenyesha na uko nje.* Plastiki haijali, mbao zako hata zitang'aa. Okoa kitambaa, umeme na karatasi ya bei. Madumu yaliyofungwa miguuni yasiguswe.

*Mgeni anasema "hii ni plastiki mpya mmeipaka rangi."* Mpe msumeno na kipande cha pembetatu ya akiba akate mwenyewe. Ataona madoa ya rangi yapo mpaka ndani.

*Mteja anataka kununua ubao ulioning'inia, leo, na ana gari nje.* Mwandikie risiti, bandika karatasi yenye jina lake mgongoni mwa ubao, mwambie aufuate siku ya kufunga baada ya saa kumi na mbili jioni. Akisema hawezi kungoja, mpe ule wa mlangoni, upanguse kwanza, na umpunguzie kidogo kwa ajili ya nyayo.